Mashine ya kukatia nyasi nyumbani: ya waya, ya betri au ya petroli?

Ukiingia duka la vifaa Kariakoo ukaulizia mashine ya kukatia nyasi, swali la kwanza la muuzaji ni bajeti yako shilingi ngapi. Swali hilo si baya, ila limewahi mno kuja. Watu wawili wenye pesa sawa wanaweza kuhitaji mashine tofauti kabisa: mmoja kapanga nyumba Sinza yenye kipande cha ukoka mbele ya baraza, mwingine ana kiwanja Kigamboni ambacho nusu yake bado ni pori. Kabla hujatoa pesa, toka nje uutazame uwanja wako vizuri.

Hapa nazilinganisha aina tatu za mashine ya uzi, yaani ile ambayo mahali pa kisu ina uzi wa nailoni unaozungushwa kwa kasi mpaka ukakata: ya waya inayochomekwa kwenye soketi, ya betri, na ya petroli inayoning'inizwa begani kwa mkanda. Fyekeo nalo bado lina kazi yake, nitaligusa mwishoni.

Mambo ya kupima kwanza

La kwanza ni umbali. Chukua futi kamba, au hesabu hatua, kutoka soketi iliyo karibu na mlango hadi kona ya mwisho ya uwanja. Pima kwa njia ambayo waya utapita kweli, ukizunguka mti, gari na banda la kuku.

La pili ni kinachoota. Ukoka, ndago na nyasi laini za bustani hukatwa na uzi mwembamba bila shida. Nyasi zilizofika kiunoni, mabingobingo na vichaka vyenye shina la unene wa kidole ni habari nyingine. Hapo uzi wa mashine ndogo utaishia kujisokota tu kwenye mabua.

La tatu ni gharama ya miaka mitatu minne ijayo, maana bei ya dukani ni mwanzo wa matumizi. La nne ni matunzo: kila mashine inadai kitu, na swali la haki ni kitu gani wewe, au kijana anayekusaidia bustanini, mtakitimiza bila kukumbushwa. La tano ni usalama na kelele. Fikiria watoto wanaokimbia uani, kioo cha gari la jirani, na yule mwingine aliyetoka zamu ya usiku anayelala mchana.

Mashine ya waya

*Umbali.* Hapa ndipo inapofungwa mikono. Ndani ya mita 20 au 30 ni raha. Zaidi ya hapo unatumia muda mwingi kuondoa kebo iliyonasa kuliko kukata. Anza kukata karibu na soketi ukisogea mbali nayo, ili waya ubaki nyuma yako kwenye sehemu uliyokwisha kufyeka. Upitishe begani, usiuache miguuni. Pale waya wa mashine unapokutana na kebo ya ekstensheni, zifunge fundo moja legevu kabla ya kuchomeka, zisichomoke ukivuta. Na kama kebo yako ni ya kukunjwa kwenye gurudumu, ikunjue yote hata kama unahitaji nusu tu, kwa sababu ile iliyobaki imekunjwa hukusanya joto na inaweza kuyeyusha plastiki yake.

*Nguvu.* Nyingi za nyumbani ni kati ya wati 300 na 1,000. Ya wati 500 inatosha kabisa kwa ukoka na nyasi za kandokando ya ukuta. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haichoki: maadamu umeme upo, dakika ya arobaini inakata sawa na ya kwanza. Ubaya unaonekana kwenye mitaa ambako umeme hufifia jioni. Mota inapozunguka polepole, feni yake ya ndani nayo inapunguza upepo, joto linapanda, na harufu ya kuungua inakufikia kabla hujajua kuna nini. Saa hizo iache.

*Gharama.* Ndiyo rahisi kununua kuliko zote. Uniti moja ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inaendesha mashine ya wati 500 kwa saa mbili, kwa hiyo bili isikutishe. Gharama iliyojificha ni kebo. Zile ekstensheni nyembamba za soketi nne zilitengenezwa kwa televisheni na chaja za simu, si kuburutwa kwenye changarawe. Tafuta kebo ya shaba ya milimita za mraba 1.5, yenye ganda la mpira au plastiki nene, na usishangae ikikaribia bei ya mashine yenyewe.

*Matunzo.* Kidogo sana. Matundu ya hewa yasizibe, na waya ukaguliwe kila kabla ya kazi: pinda kidogo sehemu inapoingilia kwenye mpini, hapo ndipo ganda hupasuka kwanza. Mashine nyingi za aina hii zina kaboni zinazosugua mota. Cheche zikizidi unapochungulia kwenye matundu ya hewa, kaboni zimekwisha. Uliza dukani kama zinabadilishwa kirahisi. Kwenye baadhi ya mashine ndogo, mwili wote umebanwa na fundi atalazimika kuupasua.

*Usalama.* Mashine nyingi za waya huja na plagi ya pini mbili, kwa kuwa zina ulinzi wa tabaka mbili (alama yake ni mraba ndani ya mraba) na hazihitaji eathi. Soketi zetu ni za matundu matatu. Kila mtu anajua kinachofuata: kalamu inachomekwa kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke. Nyumbani kwa mtu anayekanyaga nyasi mbichi akiwa ameshika mota, desturi hiyo ife. Nunua adapta yenye fyuzi, au mwambie fundi abadilishe plagi. Kwenye boksi la umeme la nyumba kuwe na kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Kina kitufe chenye herufi T, kibonyeze mara moja kwa mwezi uone kama kinaruka kweli. Usikate nyasi zenye umande wala baada ya mvua. Ukikata waya kwa bahati mbaya, nenda kwanza ukazime kwenye soketi, usiokote ule uliolala chini.

*Inamfaa* mwenye uwanja mdogo unaozunguka nyumba, mwenye umeme wa uhakika, na asiye na muda wa kubembeleza betri wala kabureta.

Mashine ya betri

*Umbali.* Hakuna mpaka isipokuwa chaji. Unaweza kuvuka barabara ukakata kando ya mtaro, au ukaipeleka shambani kwa bodaboda.

*Nguvu.* Hapa kuna maneno mengi ya kuuzia, kwa hiyo twende taratibu. Betri iliyoandikwa volti 18, ile ya 20 na ile ya 21 kwa kawaida ni kitu kimoja: seli tano za lithiamu. Kila seli ina volti 3.6 ikiwa kazini na kama 4.2 ikijaa, mmoja kaandika namba ya kazini, mwenzake kaandika ya kujaa. Sasa tazama zile mashine nyepesi zenye maandishi makubwa ya 48VF au 88VF. Hiyo VF si volti. Ukifungua ndani utakuta seli zilezile tano, pengine hata pungufu. Kinachokuambia ukweli ni volti halisi ukizidisha kwa Ah, yaani ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri. Betri ya volti 18 na Ah 2 ina wati-saa 36. Ya Ah 4 ina 72. Mota ikila wati 250, ya kwanza inakupa kama dakika tisa za kukata mfululizo, ya pili kama 17. Kwa kuwa huwa hubonyezi swichi muda wote, utapata zaidi kidogo ya hapo, lakini usitegemee saa nzima kwa betri moja ya volti 18.

Baadhi hutumia vijisu vya plastiki mahali pa uzi. Ni vyepesi kubadilisha na havimalizi chaji haraka, ila jiwe moja linakivunja. Zile zinazouzwa na kisahani cha chuma kwenye kinga ndogo kama kiganja cha mtoto, mimi sizipendi. Chuma kinachozunguka hakina huruma na kifundo cha mguu, na mpini wake mwembamba haukujengwa kukizuia kikigonga kisiki.

*Gharama.* Umeme wa kuchaji ni mdogo mno kuuhesabu: kujaza betri ya wati-saa 72 hakufiki hata sehemu ya kumi ya uniti. Pesa iko kwenye betri yenyewe. Ikifa baada ya miaka kadhaa, bei ya mpya inaweza kukufanya uitazame mashine mara mbili. Kwa hiyo uliza mapema: betri hii nitaipata wapi peke yake? Makampuni kama Makita, Bosch, Ingco na Total yana familia za betri, moja ikitumika kwenye drili, msumeno na mashine ya nyasi. Kama tayari una drili ya betri nyumbani, soma jina la familia yake na ununue mashine ya nyasi bila betri. Hapo hesabu inageuka upande wako kabisa.

*Matunzo.* Adui ni joto. Ukimaliza kazi saa saba mchana, betri iache kivulini ipoe ndipo uichaji. Chaja nyingi hukataa betri yenye joto na kuwasha taa ya onyo, watu wakadhani imeharibika. Isikae ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kiangazi, nyasi zinapodumaa na mashine haina kazi, iweke ikiwa na nusu ya chaji mahali pakavu, uichungulie kila baada ya mwezi au miwili. Ukanda wa pwani una shida yake: hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye vile vibati ambapo betri inagusana na mashine. Futa kwa kitambaa kikavu mara kwa mara.

*Usalama.* Haina waya wa kukata wala moshi, na kelele yake ni ndogo kuliko ya petroli. Hatari yake imo kwenye urahisi wake. Iko tayari saa zote, hata mkononi mwa mtoto. Toa betri kila unapogusa kichwa cha mashine, pale uzi unapotokea, na kila unapoihifadhi.

*Inamfaa* mwenye uwanja wa wastani, mwenye tabia ya kukata mara kwa mara kabla nyasi hazijanyanyuka, na mkazi wa eneo lenye mgao wa umeme, maana atachaji umeme ukiwapo na kukata wakati wowote.

Mashine ya petroli

*Umbali.* Popote mafuta yanapofika.

*Nguvu.* Zilizozoeleka madukani ni za cc 43 na 52. Hufunga uzi wa milimita 2.4 hadi 3, na wengi huondoa uzi wakafunga kisu cha chuma kwa ajili ya vichaka. Pori la mvua mbili ni kazi yake. Mashine ya umeme ya nyumbani usiipeleke huko.

*Gharama.* Bei ya kununua huwa ya kati, lakini kuna petroli, oili, plagi ya injini, chujio la hewa, na fundi.

*Matunzo.* Nyingi ni za tustroku, mafuta yanachanganywa na oili. Kitabu chake kitasema uwiano: 25 kwa 1 ni mililita 40 za oili kwa lita ya petroli, 50 kwa 1 ni mililita 20. Kukisia kwa kifuniko cha chupa kunaua pistoni. Mafuta yaliyokaa miezi kwenye tangi huacha gundi ndani ya kabureta. Ndiyo maana mashine iliyofanya kazi vizuri masika inagoma vuli ikianza. Kabla ya kuihifadhi, mwaga mafuta, kisha iwashe mpaka izime yenyewe.

*Usalama.* Ina uzito wa kilo saba au zaidi, inatetemesha mikono, na masikio yanahitaji vizibo. Watu wakae mbali, mita 15 kama vitabu vingi vya mashine hizi vinavyoelekeza. Usijaze mafuta injini ikiwa ya moto.

*Inamfaa* mwenye eka, shule, au kijana anayefanya kazi hiyo kujipatia riziki mtaani.

Uzi, shida ya wote watatu

Malalamiko mengi kuhusu mashine hizi huanzia kwenye uzi. "Hautoki." "Unakatika kila dakika." "Umekwisha na nimekata robo." Kabla ya kumlaumu muuzaji, kagua unene. Mashine ndogo za umeme hutaka milimita 1.2 hadi 1.6, kubwa kidogo 2.0, namba huandikwa kwenye kitabu au chini ya mfuniko wa bobini, kile kigurudumu kinachozungushiwa uzi. Kuna ushawishi wa kufunga uzi mnene ili udumu. Mota ndogo ikivishwa uzi wa 2.4 inaelemewa na kupata joto, na uzi wenyewe unabanwa kwenye tundu la kutokea.

Kufunga upya ni hivi. Chomoa waya au toa betri. Bonyeza vile vibanio viwili vya ubavuni mwa kichwa kwa vidole, mfuniko utatoka. Shika na springi, isije ikarukia nyasini ukaitafuta hadi magharibi. Futa udongo na majani. Ingiza ncha ya uzi kwenye tundu dogo la bobini, kisha uzungushe kufuata mshale uliochorwa juu yake. Ukienda kinyume cha mshale, kila utakapogonga kichwa chini ili uzi utoke, utajikaza tu. Uvute uwe umekaza, kila mzunguko ulale kando ya mwenzake. Usijaze hadi ukingoni. Ncha ya mwisho ibane kwenye ule mkato wa pembeni isifumuke, ipitishe kwenye tundu la kichwa, kisha rudisha mfuniko mpaka vibanio vyote viwili vilie.

Uzi uliozungushwa ovyo, ukapandana, husuguana ndani kwa sababu ya mtikisiko. Joto linauyeyusha, mizunguko inaungana, na hata ugonge kichwa namna gani hakuna kitakachotoka. Dawa ni kufungua, kukata kipande kilichoungana na kuzungusha tena.

Uzi wa nailoni uliokaa muda mrefu kwenye stoo yenye joto hukauka na kuvunjika ovyo. Uloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi ufute maji, ndipo uufunge. Kuhusu wale wanaofunga waya wa chuma badala ya uzi: usithubutu. Kipande kikikatika kwa kasi ile kinaweza kuzama kwenye nyama ya mguu.

Namna ya kukata nayo hula uzi. Kinachokata ni ncha, kwa hiyo usizamishe kichwa ndani ya nyasi. Nyasi ndefu zikate kwa awamu, juu kwanza kisha katikati, mwisho chini. Kando ya ukuta sogea nyuma kidogo ncha iguse nyasi tu. Kwenye kuta za mawe ya matumbawe za Unguja na Mombasa uzi unaliwa haraka ajabu. Mpapai na mchungwa mchanga usizisogelee kabisa: uzi ukichubua gome kuzunguka shina lote, mti umekufa. Ng'oa nyasi za shinani kwa mkono, au vika shina kipande cha chupa ya plastiki iliyopasuliwa.

Kinga usiiondoe, hata kama inakuzuia kuona. Ndani yake kuna kijisu kinachokata uzi uliozidi urefu. Bila hicho uzi unakuwa mrefu, mota inaelemewa, na changarawe zote zinaelekea kwenye miguu yako. Viatu vya kufunika, suruali ndefu na miwani ni vya lazima kwa aina zote tatu.

Ukimaliza, kwangua nyasi zilizoganda chini ya kinga kwa kijiti kabla utomvu wake haujakauka ukawa mgumu. Mashine ya umeme ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usiipige maji ya mpira. Ining'inize ukutani. Ikikaa muda, chungulia matundu ya hewa kabla ya kuwasha, kwani nyigu wa udongo hupenda sana kujenga humo.

Kwa hali yako

Uwanja mdogo, soketi karibu, pesa kidogo: ya waya, na fungu la pesa liende kwenye kebo nzuri.

Umepanga na kuna familia tatu uani zinazotumia LUKU moja: ya betri itakuepusha na maneno. Unachaji chumbani kwako.

Una drili ya betri tayari: angalia familia yake kwanza.

Una kiwanja ambacho hujajenga, unakifyeka mara mbili kwa mwaka, baada ya vuli na baada ya masika: usinunue chochote. Waite vijana wenye mashine ya petroli, mpatane kwa kiwanja kizima na si kwa siku, na kubalianeni mapema nani ananunua mafuta.

Nyasi ni chache, ziko kati ya mawe au kwenye mteremko: fyekeo na tupa ya kulinolea vinatosha, mradi mgongo unaruhusu.

Na kama ndugu yako yuko Marekani na anataka kukutumia mashine kwenye kontena, mwambie asinunue ya waya. Ya huko ni ya volti 120, ya kwetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Itaungua ukiiwasha tu. Ya Japani ni volti 100, kwa hiyo ukiokota ya mtumba soma kibati chake kwanza. Ya betri haina neno, kwa kuwa mashine yenyewe haijali umeme wa ukutani. Kinachobadilika ni chaja, na hiyo uitafute huku, ya kampuni ileile, kabla mzigo haujafungwa.